Kati ya King'ora na Kengele

King'ora cha karakana ya reli kililia, na Lubunga yote, mtaa wa Kisangani wa ng'ambo ya mto, ikaamka kwa shingo upande. Honorine alikuwa macho zamani. Alichuchumaa mbele ya babula akipuliza vipande vitatu vya makaa vilivyobaki jana, na kila akipuliza mara mbili alipumzika, kama mtu aliyetoka kubeba gunia. Ingawa asubuhi yenyewe ilikuwa na joto la kutosha kuchemsha yai, alivaa sweta ya sufu juu ya kitenge.

Anselme, mumewe, alisimama mlangoni akifunga vifungo vya koti lake la mikono mifupi, lile lisilohitaji tai, ambalo kila mtumishi wa serikali alipaswa kuwa nalo. Lake lilikuwa limepauka mabegani hadi kufanana na rangi ya majivu.

"Mama Adèle, umekunywa dawa?"

"Nitakunywa. Kwanga iko ndani ya kikapu. Tukivuka mto."

Anselme akaridhika. Alikuwa na desturi ya kuuliza swali hilo kila siku, jioni zaidi, na kila siku alijibiwa vizuri. Mwanamume akijibiwa vizuri hana haja ya kufunua vyungu.

Habari ya dawa ilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma madaktari walimpasua Honorine shingo na kulitoa rovu alilokuja nalo kutoka kwao, pande za Uele, ambako wanawake wengi walikuwa nalo na hakuna aliyeliona ajabu. Walilitoa lote, na tezi yenyewe ikaenda nalo. Tangu siku ile ilimbidi ameze kidonge kimoja kidogo cheupe kila siku, hadi atakapozikwa. Vidonge vilitoka Ulaya kwa ndege, na zahanati moja ya masista huko Makiso, upande wa pili wa mto, iliwagawia bure wale walioandikwa kwenye orodha, thelathini kwa mwezi. Masharti hayakuwa mengi: asubuhi, tumbo tupu, kwa maji matupu, kisha kungoja saa nzima ndipo ule. Na kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na saa, sista mzee aliyemfundisha alimtafutia njia. "Unasikiaka king'ora cha reli? Hapo unameza. Unasikiaka kengele ya shule ya bwana yako? Hapo unakula." Kati ya king'ora na kengele palikuwa na saa nzima. Hata mtoto angeshika.

Lakini miezi mitatu hii Honorine alikuwa anarudi nyuma. Sauti ilikuwa nzito kama ya mwanamume. Alisinzia akichambua mchele. Uso ulivimba, mikono ikavimba, na majirani wakampongeza Anselme. "Mwalimu, unamulisha mama vizuri! Ananenepa!" Anselme alicheka tu, na rohoni, Mungu amsamehe, aliona fahari. Alikuwa hajaona mshahara kwa miezi minne, na bado mke wake ananenepa.

Siku hiyo ilikuwa ya kurudi zahanati kupewa vidonge vya mwezi mwingine. Mkurugenzi wa shule alikuwa amempa ruhusa ya asubuhi peke yake. "Alasiri uko hapa, citoyen. Commissaire anapita kesho kutwa, na darasa lako halijui hata kupiga makofi pamoja. Ukikosa animation, jina yako inaenda zone." Animation ilikuwa ngoma na nyimbo za kukisifu Chama, na mwalimu aliyeikosa aliandikwa zone, ofisini kwa wakubwa wa mtaa, haraka kuliko mwalimu aliyekosa kufundisha.

*

Gatini alikaa askari mmoja na meza yake. Meza ilikuwa ya shule. Anselme aliitambua kwa shimo la wino.

"Carte ya Chama."

Anselme alitoa yake. Honorine akatoa yake pia. Askari akaigeuza, karibu ainuse, akaigeuza tena.

"Citoyenne Bosongo. Muhuri ya mwaka huu haiko."

Nchi ilikuwa imebadilishiwa jina, na mto pia, na watu nao wakaambiwa waitane citoyen, yaani raia, na waache majina ya ubatizo. Katika karatasi Honorine akawa Bosongo, nyumbani akabaki Honorine, na shida ilimjua kwa yote mawili.

"Chef, iko mugonjwa," alisema Anselme. "Tunaenda kutwaa dawa. Muhuri tutaleta."

"Hakuna mutu anakataza dawa. Mimi nasema muhuri." Macho yake yalikuwa yameshashuka kwenye kikapu. "Bon. Batoto na bo bakule nini?"

Watu wa Kisangani waliita jambo hilo maharagwe ya watoto, ingawa hapakuwa na maharagwe wala watoto. Honorine alifungua kikapu mwenyewe, kabla mumewe hajapata la kusema, akatoa ile kwanga moja, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani. Kwanga zilikuwa zikipungua urefu kila mwezi huku bei ikipanda; hii ilikuwa kama kiganja. Askari aliipima kwa mkono, akaguna kama mtu aliyepunjwa, akaiweka chini ya meza.

Ndani ya mtumbwi walikaa bega kwa bega. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya chai, na wapiga kasia walielekeza mtumbwi juu kwanza ili maji yawarudishe mahali pake. Katikati ya mto Honorine alifungua fundo la kitenge, akatoa kopo dogo la maziwa lililokuwa na vidonge, akalifungua, akatazama ndani. Anselme alimwona. Akamwona pia akilifunga tena na kulirudisha kwenye fundo.

"Hunywi?"

"Nyuma kidogo, tukifika."

"King'ora kiliisha kulia zamani."

"Nitakunywa, Papa Adèle. Angalia maji."

Naye akaangalia maji. Angepaswa kuangalia kopo, lakini alikuwa na hasira na askari, na mtu mwenye hasira huangalia mbali.

*

Muuguzi wa zahanati aliitwa Micheline, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba vyeupe vilivyoshonwa kwa uzi mweusi. Hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka tu, na daftari lake lilikuwa kubwa kumzidi. Alimshika Honorine kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akakunja uso. Akamgusa chini ya macho, akamgonga goti kwa nyundo ndogo, akangoja goti lijibu. Lilijibu likiwa limechelewa, kama mwanafunzi wa benchi la nyuma.

"Dawa iko inaisha lini?"

"Leo," alisema Anselme.

"Nipe kopo."

Honorine hakutoa. Ilibidi Micheline anyooshe mkono na kungoja. Alipolipata alimimina vidonge juu ya daftari, akavisukuma kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Anselme alimfuata kwa macho, na midomo yake ikahesabu pamoja naye kama darasani. Kumi na mbili.

"Mama, nilikupa thelathini. Leo ni siku ya thelathini. Iko kumi na mbili. Tuseme ya leo hujakunywa, nyingine kumi na moja iko namna gani?"

Honorine alitazama viatu vya Micheline.

"Mwezi uliopita, saba." Micheline alifunua ukurasa. "Kule nyuma, ine. Unaona? Niliandika, sikusema. Sasa ni mara ya tatu, na mara ya tatu jina inatoka. Mutu anabakisha dawa, maana yake haina lazima nayo. Ni maneno ya Inspecteur, haiko yangu. Kuko binti mumoja kutoka Bafwasende anangoja tangu mwezi wa tano, shingo yake iko hivi." Aliweka mikono miwili chini ya kidevu chake, mbali na ngozi.

Miaka kumi na tisa ya kufundisha ilimzoeza Anselme kukosolewa na wakubwa, si kukuta mkewe amekosa hesabu mbele ya watu.

"Haiwezekani. Kila magaribi ninamuuliza."

"Na anajibu nini?"

"Anasema amekunywa."

"Bon," alisema Micheline, akachukua kalamu.

"Ngoja, dada," alisema Honorine. Sauti ilitoka nzito, taratibu, kama kitu kinachovutwa kutoka kisimani. "Mimi sikucheza na dawa. Sista mzee alisema: meza kwa king'ora, kula kwa kengele. Sawa. Alors siku ya kula haiko, nitameza namna gani? Dawa ikiingia ndani ya tumbo, na nyuma yake hakuna kitu kinaingia, inakula mutu mwenyewe. Mama yangu alikunywa kinini ya malaria bila kula, akaanguka pa njia. Kwa hiyo siku iko na kitu ya kula, ninameza. Siku haiko, ninaiweka. Sikutupa hata moja. Hesabu, utaona."

Micheline aliweka kalamu chini.

"Mais non, mama. Haiko kinini hii. Tunakataza chakula kutangulia, basi. Chakula kinaizuia kuingia. Lakini nyuma yake, hata usile mpaka magaribi, hata usile kabisa, unaimeza. Hakuna mutu alikuambia?"

"Kila mutu anajua dawa haimezwi na njaa."

Na kweli kila mtu alijua. Mama zao walijua, bibi zao walijua. Waliotengeneza vidonge Ulaya hawakuwaza kwamba kuna nyumba ambayo maneno "kisha ule" yanaweza kuwa ndiyo sharti gumu kuliko yote.

Anselme alikuwa bado anahesabu. Ilikuwa hesabu rahisi na ilikataa kutoka.

"Lakini siku kumi na moja," alisema. "Mama Adèle, nyumba yetu haikulala njaa siku kumi na moja. Tulikula. Mimi nilikula. Asubuhi unanipa chai na kipande ya kwanga, batoto banakula kiporo, na sahani yako inabakia pale juu ya ubao, na bakuli imefunika. Ninaionaka kila siku nikitoka."

Honorine alijifunga kitenge upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Bakuli iko," alisema.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kila asubuhi, katika muda ule kati ya king'ora na kengele, Anselme alikunywa chai yake, akatoka mapema ili awe mbele ya bendera kengele ikilia, na njiani alipita kando ya ubao wa jikoni wenye sahani iliyofunikwa kwa bakuli la bati la maua mekundu. Bakuli lilimwambia kuwa mkewe atakula akitoka. Hakuwahi kulifunua aone siku ambazo chini yake hapakuwa na kitu. Na jioni, akimwuliza Honorine mbona hali, aliambiwa, "Nimeisha kula na batoto." Sasa alikumbuka, akiwa amesimama mbele ya vidonge kumi na viwili, kwamba siku moja Adèle, binti yake mkubwa, alimwuliza swali ambalo hakulijali: "Papa, wewe na mama munakulaka saa gani?" Kumbe watoto nao waliambiwa kwamba mama amekula na baba.

Aliwaza mashavu yale aliyojivunia kwa majirani. Uvimbe wa ugonjwa, na yeye akauita unene. Machozi yalimjia, na kwa kuwa alikuwa mwalimu na mwanamume na mbele ya watu, alijifanya anasoma bango ukutani. Bango lilisema kwamba chini ya uongozi wa Chama kila mtu anakula sahani yake. Alilisoma mara mbili.

"Mama Adèle," alisema hatimaye, polepole. "Juu ya nini hukuniambia?"

"Nikuambie, ufanye nini? Ulikuwa unarudi na chaki ndani ya nywele, umechoka. Nikuambie, na wewe usikule?"

Nje, kwenye benchi, mtoto wa mtu alikuwa akikohoa.

Micheline aligonga safu ya mwisho ya daftari kwa kalamu, akasema kwa sauti ya chini. "Unaona hapa, mwalimu? Kila mugonjwa mwenye kubakisha, ninaandika sababu. Nikiandika négligence, uzembe, anatoka leo. Nikiandika safari, bataniomba karatasi ya safari. Mwaka jana niliandika njaa kwa mama mumoja. Inspecteur aliniita mbele ya bote. Akaniuliza, 'Citoyenne, wewe unaishi inchi gani?' Tangu pale sikuandika tena ile neno."

"Andika."

"Mwalimu, uko na batoto."

"Ni juu ya hao." Anselme alinyoosha mkono. "Nipe kalamu. Niandike mimi, basi. Basome mwandiko yangu, haiko yako."

Micheline alitazama mlango. Kisha akageuza daftari, akalisukuma kwake. Anselme aliinama juu ya safu ile nyembamba, na kwa mwandiko wake wa ubaoni, ule wenye herufi za mviringo zilizosimama wima, aliandika: *Siku 11 hakukuwa na chakula. Chake alitupatia sisi.* Safu haikutosha, maneno yakavuka mstari hadi kwenye jina la mgonjwa mwingine. Chini yake aliweka jina lake, namba yake ya kazi, na jina la shule. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kuandika ukweli juu ya karatasi ya serikali.

Micheline alirudisha vidonge kumi na viwili ndani ya kopo, akaongeza kumi na vinane.

"Mwezi ujao Inspecteur atapita. Sijui itakuwa namna gani, sitakudanganya. Lakini mama, sikia. Kuko chakula, unameza. Hakuna chakula, unameza. Vita, mvua, kazi ya lazima ya salongo, unameza. Na ya leo utameza sasa, mbele yangu."

Alimletea maji katika kikombe cha plastiki. Honorine aliweka kidonge juu ya ulimi, akafumba macho, akameza, na akabaki ameshika tumbo, akingoja dawa imuume. Anselme alimshika bega. Walingoja pamoja. Haikumuuma.

*

Walipovuka kurudi, askari wa gatini alikuwa amelala, na majani ya kwanga yalikuwa chini ya meza, yamekunjuliwa. Ngoma za shuleni zilisikika tangu ukingoni. Anselme alisimama njia panda, mkono wa kulia shuleni, wa kushoto nyumbani. Alifikiri juu ya darasa lake lisilojua kupiga makofi pamoja. Kisha akaenda kushoto.

Jioni hiyo palikuwa na ndizi tano za kuponda, alizotoa jirani Marthe, na pondu, mboga ya majani ya muhogo. Honorine aliziponda ndizi ziwe lituma, Anselme akakaa jikoni juu ya kinu kilichogeuzwa, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu aoe, hata watoto wakaja kuchungulia. Akahakikisha mkewe ameweka tonge mdomoni mara nane. Alihesabu. Honorine aliona haya kama bibi harusi.

"Papa Adèle, unanitazama kama mutihani."

"Kula."

Mtu alikuja kutoka kwa mkurugenzi na ujumbe: jina lake limekwenda zone. Anselme alishukuru, akafunga mlango.

Asubuhi king'ora kilipolia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Alimpa Honorine kidonge na maji. Akameza. Watoto wakapata chai na kiporo, wakatoka. Anselme hakutoka. Alivaa koti lake, akalifunga hadi kifungo cha juu, kisha akakaa kando ya mkewe kizingitini, na wakangoja saa nzima bila kusema mengi. Alimchana nywele za kisogoni, nyuma ya shingo ile yenye kovu, vibaya sana, maana hakujua kuchana. Ukungu ulipanda juu ya mto. Jogoo wa Marthe alipita, akawatazama, akaenda zake.

Kengele ikalia. Kule shuleni walianza kuimbia bendera, na mbele ya darasa la tano, darasa lake, hapakuwa na mtu.

"Enda, utaadhibiwa," alisema Honorine.

"Nitaadhibiwa hata nikienda. Funua bakuli."

Honorine alinyanyuka taratibu, akaenda kwenye ubao, akafunua bakuli la maua mekundu. Chini yake palikuwa na tonge kubwa la lituma, la baridi, lenye alama za vidole vya mumewe upande mmoja. Alilijua. Lilikuwa fungu lake yeye Anselme, aliloomba jana aachiwe alile polepole peke yake.

"Na wewe?"

"Mimi nimeisha kula."

Honorine alimgeukia. Uso wake uliovimba ulikuwa na macho yale yale aliyoolewa nayo, na hayakuwa na usingizi hata kidogo.

"Na nani?" aliuliza.

Mwalimu wa miaka kumi na tisa akaanza kukagua vifungo vya koti lake. Honorine alirudi na sahani, akakaa, akalikata lile tonge katikati.